Malenga Halipi Ili Aimbwe



Nina neno la kusema na sitalizungusha. Miaka hii imezuka biashara inayowinda watu wa aina yetu: watu wenye madaftari yaliyojaa beti, wasio na sauti ya kuimba wala chombo cha kupiga, ila wana hamu ya kuyasikia maneno yao yakiimbwa. Biashara hiyo huja kwa simu, kwa makundi ya WhatsApp na kwa matangazo ya Facebook. Huomba shairi, hulisifu, kisha huomba fedha: fedha ya kutia muziki, fedha ya kurekodi, fedha ya kusambaza, fedha ya "promosheni", fedha ya kusajili. Mwisho wa safari malenga hubaki na faili moja ndani ya simu yake, pamoja na karatasi aliyoitia saini bila kuisoma.

Hoja yangu ya kwanza ni kwamba mtunzi wa maneno halipi ili aimbwe. Maneno ni mali, na mwenye kuyahitaji ndiye anayepaswa kuyatafuta na kuyalipia. Hoja yangu ya pili huenda ikawaudhi baadhi yenu: matapeli hawa wamestawi kwa sababu utamaduni wetu wa utunzi umeidharau karatasi. Tumeheshimu vina na mizani, tukaacha mkataba uwe kazi ya "watu wa biashara". Pengo hilo ndilo wanaloingilia.

Kabla sijaendelea, nibainishe jambo moja, maana wako watakaosema nawakataza watu kutumia fedha zao. Kuna kununua kazi na kuna kununua matumaini. Ukimwendea prodyuza ukakodi studio yake kwa saa nne, ukamlipa mpiga udi na mpiga dumbaki, ukaondoka na rekodi iliyo mali yako, umenunua kazi. Hakuna ubaya. Bei unaijua, unachopata unakijua, na deni limekwisha siku ileile. Lakini mtu akikutoza fedha kwa sababu shairi lako "limechaguliwa", kwa sababu "lina nafasi ya kuvuma", kwa sababu "wasanii wakubwa wanalisubiri", umeuziwa matumaini. Matumaini hayana kipimo, hayana siku ya kukabidhiwa, wala huwezi kuyarudisha dukani ukisema yana kasoro. Ndiyo maana huuzwa kwa bei ya juu.

Hila hii si mpya wala haikubuniwa Kariakoo au River Road. Nchini Marekani, tangu mwanzoni mwa karne ya 20, majarida yalikuwa na matangazo madogo kurasa za nyuma yakiwaalika wasomaji watume mashairi ili yafanywe nyimbo. Mkulima, mtumishi wa ofisi, mama wa nyumbani, kila aliyetuma alijibiwa, na jibu lilikuwa moja: shairi lako lina kipaji, tumefurahi, tuma ada tulitie muziki. Watu wa muziki waliokuwa wakweli waliwaita wafanyabiashara hao papa, yule samaki mla watu. Katika miaka ya 1960 na 1970 biashara ilikuwa imepata mashine zake. Waimbaji wa kukodiwa waliingia studio na kurekodi nyimbo nyingi kwa siku moja, mara nyingi wakiyaona maneno kwa mara ya kwanza wakiwa tayari mbele ya kipaza sauti. Mwaka 2003 ilitoka filamu ya kumbukumbu kuhusu biashara hiyo, iitwayo Off the Charts, iliyoongozwa na Jamie Meltzer. Ndani yake utawaona watunzi waliolipa, na pia waimbaji waliolipwa ujira mdogo kuyaimba maneno ya watu wasiowajua.

Katika historia hiyo kuna jambo la kulizingatia. Kampuni hizo hazikuwa na haja ya wimbo kupendwa. Hazikuhitaji redio iupige wala duka liuuze. Faida yao ilikuwa imekwisha kuingia pale mtunzi alipotuma ada. Santuri zilizobanwa zilikuwa chache, nyingine kwa ajili ya mtunzi na jamaa zake tu. Kwa hiyo, mtu akikuahidi mafanikio, jiulize yeye anapata fedha lini. Akipata baada ya wimbo kuuzwa, ana sababu ya kuuhangaikia. Akipata kabla, hana.

Sasa turudi nyumbani. Kwetu pwani, wimbo wa taarabu una watu watatu hata kama jukwaani unamwona mmoja: yuko aliyetunga maneno, yuko aliyetia muziki, na yuko aliyeimba. Mara nyingine wawili kati yao ni mtu mmoja, lakini kazi ni tatu. Mombasa ilimjua Juma Bhalo kwa sauti yake, na mashairi mengi aliyoyaimba yalitoka kwa ndugu yake Ahmad Nassir, ambaye diwani yake ya Malenga wa Mvita ilichapishwa mwaka 1971. Hapo sauti na maneno vilikuwa na wenyewe waliojulikana, na mji mzima uliwajua. Lakini tazama jinsi fedha inavyotembea ukumbini. Shabiki akiguswa na ubeti, huinuka akamtuza mwimbaji. Noti huwekwa mkononi mwake au kwenye paji la uso wake. Aliyeutunga ubeti huo yuko nyuma ya ukumbi, au yuko nyumbani amelala. Tunzo haimfikii ila kwa hisani ya mwimbaji.

Nautaja utaratibu huo bila kuwalaumu waimbaji. Nataka tuone kwamba tumelelewa katika mila inayomheshimu malenga kwa maneno na kumsahau kwa hesabu. Kijana aliyelelewa hivyo, akiambiwa na mtu wa kwenye simu kwamba shairi lake litaimbwa, hafikirii kuuliza "nitalipwa nini?" Huuliza "nilipe ngapi?" Ameshazoea kwamba kuimbwa ni fadhila.

Na bado wazee wetu walikuwa na daftari lao, ingawa hatukuliita hivyo. Watunzi wa tenzi walizoea kumaliza kwa kutaja jina, mji, tarehe, hata idadi ya beti. Idadi ya beti haikuwekwa kwa mapambo. Anayejua kuwa utenzi una beti kadhaa atajua pia kama umepunguzwa au umechomekewa. Washairi wa magazetini nao hawakukosa jina, lakabu na sanduku la posta. Kaditama ilikuwa sahihi ya mtunzi na hatimiliki yake. Lakini leo shairi linapoingia studio, ubeti wa kwanza kukatwa ni huo wa mwisho. Wimbo unatakiwa uwe wa dakika tatu, na jina la malenga "linavunja mdundo". Sahihi tuliyoitegemea kwa karne kadhaa inafutwa kwa kitufe kimoja. Ikiwa kaditama haitulindi tena, hatuna budi kuihamishia kwenye karatasi nyingine.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wimbo wa "Malaika" umezunguka dunia. Ameuimba Miriam Makeba, wameuimba Boney M. Hadi leo Waafrika Mashariki hawajakubaliana nani aliyeutunga: wako wanaomtaja Fadhili William aliyeurekodi, wako wanaomtaja Adam Salim, na wako wenye majina mengine. Sina hukumu ya kutoa. Nasema tu kwamba karatasi moja yenye tarehe ingetuondolea ubishi wa zaidi ya nusu karne. Afrika Kusini, Solomon Linda alirekodi "Mbube" mwaka 1939. Haki za wimbo huo ziliuzwa kwa kampuni ya kurekodi kwa shilingi 10. Wimbo ukavuka bahari, ukabadilishwa jina na maneno, ukaingia hata kwenye filamu ya katuni ya simba inayojulikana kila nyumba. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Familia yake ilipata suluhu ya malipo mwaka 2006, na hilo liliwezekana kwa sababu mawakili walichimbua kifungu cha sheria ya Uingereza ya 1911 kilichorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Sheria iliyozeeka ndiyo iliyowaokoa. Wengi wetu hatutakuwa na bahati hiyo.

Basi tuijue sheria iliyopo, angalau misingi yake. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003. Kenya ina sheria ya mwaka 2001. Nchi zote mbili ni wanachama wa Mkataba wa Berne, ambao msingi wake mmoja ni huu: haki ya mtunzi huzaliwa pamoja na kazi. Shairi ulilolitunga na kuliandika ni lako tangu wino ulipokauka. Hulipi mtu ili liwe lako. Usajili kwenye COSOTA, COSOZA au Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, yaani KECOBO, una faida kubwa kama ushahidi, na ofisi hizo ziko wazi kwa mtunzi mwenyewe. Kwa hiyo anayekwambia "tulipe tukupatie hakimiliki" anakuuzia kitu ambacho tayari unacho. Haki hiyo, Tanzania Bara na Kenya, hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Itawafaa watoto, na pengine wajukuu. Usiitoe kwa sababu mtu amekuharakisha jioni moja.

Tena sheria inatofautisha vitu viwili ambavyo matapeli hupenda kuvichanganya. Kimoja ni kuhawilisha haki, yaani kuitoa iwe ya mwingine. Cha pili ni kutoa ruhusa, yaani haki ibaki yako na mwingine aitumie kwa masharti. Ni tofauti ya kuuza shamba na kulikodisha. Ukikodisha, unasema ni kwa misimu mingapi, kwa zao gani, kwa kodi kiasi gani. Mtunzi mwenye akili hukodisha. Nchini Kenya sheria inataka uhawilishaji uwe wa maandishi na uwe na saini. Hiyo ina maana kwamba tapeli hawezi kuchukua haki yako kwa maneno matupu. Ni lazima akufikishe kwenye karatasi. Ndiyo sababu karatasi hiyo huja ikiwa ndefu, imeandikwa kwa Kiingereza kigumu, na huletwa dakika za mwisho.

Na hapa ndipo nisipoelewa unyonge wetu. Sisi ni watu wa lugha. Tunaweza kukaa saa nzima tukibishana kama neno moja la Muyaka ni tusi au fumbo. Tunagundua kina kilichopotoka kwa sikio tu. Nimefundisha uchambuzi wa ushairi katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilifundishwa kuufundisha katika chuo cha ualimu. Sijaona mkataba ambao ni mgumu kuliko shairi zuri la mafumbo. Kinachokosekana ni nia ya kuusoma kwa jicho lilelile. Hebu tujaribu, tukichukua maneno ya namna wanayoyatumia.

"Kazi yako imechaguliwa." Mwanafunzi wa kidato cha pili ataiona kauli ya kutendwa. Kauli hii humficha mtenda. Imechaguliwa na nani? Kati ya kazi ngapi? Kwa kigezo gani? Ukiuliza ngapi hazikuchaguliwa, hutajibiwa, kwa sababu hazipo.

"Wasanii wetu hupata mamilioni ya wasikilizaji." Tazama kiambishi "hu-". Ni cha mazoea. Hakina wakati wala hakina mtu. Hakisemi nani alipata, mwaka gani, kwa wimbo upi. Mdai aigeuze sentensi iwe na "-li-": msanii fulani, kwa wimbo fulani, alipata kiasi fulani. Ikishindikana, ile "hu-" ilikuwa kificho.

"Tutahakikisha wimbo wako unafika dunia nzima." Kufika si kusikilizwa, na kusikilizwa si kulipwa. Kuweka wimbo kwenye majukwaa ya Boomplay, Spotify au YouTube ni kazi ambayo mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuifanya kupitia kwa msambazaji, kwa ada ndogo au kwa kukatwa asilimia. Ukishawekwa, umefika dunia nzima, na ahadi imetimizwa hata kama hakuna binadamu aliyeusikiliza. Tangu mwaka 2024, Spotify hailipi chochote kwa wimbo ambao haukusikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 iliyotangulia. Wanaouza "wasikilizaji wa uhakika" huwa mara nyingi wanatumia mashine zinazojifanya watu. Jukwaa likigundua, wimbo hushushwa, na jina linaloharibika ni la mtunzi.

"Mtunzi atapata asilimia 50 ya mapato halisi." Neno la kulisimamisha hapa ni "halisi". Halisi maana yake ni baada ya kutoa gharama. Gharama zipi? Nani anaziandika? Mtunzi anaweza kuzikagua? Asilimia 50 ya sifuri ni sifuri, na mwenye kalamu ya gharama ndiye anayeamua kama itakuwa sifuri.

"Haki zote, duniani kote, kwa namna zote zilizopo na zitakazobuniwa." Huu ndio ubeti wa kuuza shamba. Ukiuona, soma kila kitu upya, kisha weka kalamu chini.

Ziko dalili nyingine zisizohitaji sarufi. Anayekupigia simu usiku akisema nafasi inafungwa leo anajua kwamba ukilala utafikiri. Anayelisifu shairi lako bila kutaja hata ubeti mmoja hakulisoma. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hawa wamegeuza methali: humsifu mgema ili wamnyang'anye tembo lenyewe. Tena kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwimbaji mwenye jina hatembei WhatsApp akitafuta maneno ya watu asiowajua.

Jambo jipya zaidi limeongezeka. Sasa ziko programu za kompyuta ambazo ukizipa beti huzirudisha zikiwa zimeimbwa, zina ngoma na vinanda, ndani ya dakika chache. Yule mfanyabiashara wa Marekani alilazimika angalau kumkodi mwimbaji. Wa leo halazimiki. Anaweza kukutoza fedha ya studio, ya bendi na ya mwimbaji, akakupa kitu kilichotengenezwa na mashine akiwa kitandani. Sikio la Mswahili humgundua: mashine hukosea mkazo, hutamka "ng'" kama "ng", hukata neno mahali ambapo pumzi ya binadamu isingekatia. Kwa hiyo ulizia majina ya waliopiga na walioimba, na uombe kuwepo siku ya kurekodi. Asiyetaka uwepo ana jambo analificha.

Nitaje kisa kimoja, bila majina. Msichana niliyemfundisha zamani, sasa mwalimu naye, aliniletea mkataba kabla hajautia saini. Alikuwa ametakiwa alipe shilingi laki nane kwa mashairi mawili. Tuliusoma pamoja kama tunavyosoma shairi, mstari kwa mstari. Katika ukurasa wa tatu kulikuwa na kifungu kinachosema kampuni itakuwa "mmiliki wa pekee" wa maneno, na kwamba mtunzi akitaka kuyachapisha kitabuni aombe kibali. Yaani angelipa laki nane, kisha akaombe ruhusa ya kuweka mashairi yake ndani ya diwani yake. Aliwaandikia barua fupi akaomba vitu vitatu: mkataba kwa Kiswahili, kufutwa kwa kifungu hicho, na majina ya watunzi watatu waliowahi kufanya nao kazi ili azungumze nao. Hawakumjibu. Sifa zote zile za kipaji chake zilikatika siku hiyo.

Ombi lake la kwanza nalishikilia kwa nguvu, na ningependa liwe msimamo wa kila malenga. Anayetaka maneno ya Kiswahili alete mkataba wa Kiswahili. Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Istilahi tunazo: hakimiliki, hakishiriki, mrabaha, uhawilishaji, leseni, mdhamini, shahidi. Mtu anayesema mkataba hauwezi kuandikwa kwa Kiswahili, huku anataka kuuza wimbo wa Kiswahili, anatutukana, na matusi hayo yana faida kwake.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu. Wa kwanza atasema: sanaa ni wito, na malenga wa kweli hatafuti fedha. Namjibu kwamba sijamwambia mtu atafute fedha, nimemwambia asitozwe. Mwenye kutoa shairi bure kwa kikundi cha harusi, kwa kwaya ya kanisa lolote au kwa madrasa, amefanya wema, na wema wake ni wake. Lakini huyo anayetuambia tusiwaze fedha, mbona yeye ametoa bei?

Wa pili atasema: kijana wa kijijini hana njia nyingine, heri tapeli anayemfungulia mlango kuliko ukimya. Hoja hii ndiyo nzito zaidi, nami siidharau. Ni kweli milango ni michache. Majarida ya mashairi yamepungua, vipindi vya mashairi redioni vimefupishwa, na mchapishaji wa diwani huwa haoni faida. Lakini tapeli hafungui mlango wowote. Baada ya kulipa, kijana yuko palepale, pungufu ya fedha, na pengine pungufu ya haki. Kwa fedha hiyohiyo angeweza kumlipa mpiga gitaa wa mtaani na kukodi studio ndogo nusu siku, akabaki na wimbo ulio wake.

Wa tatu atasema: wenye akili hawatapeliwi, waliotapeliwa wana tamaa. Huyu ndiye anayenikera. Hamu ya kusikika ndiyo inayotufanya tuandike sote, na yeye asiyekuwa nayo asingekuwa anasoma hapa. Kumcheka aliyeibiwa ni kumsaidia mwizi, maana aliyechekwa hunyamaza, na ukimya wake ndio unaompa tapeli mteja wa kesho.

Basi nini kifanyike? Kila mtunzi awe na daftari, la karatasi au la kompyuta, lenye jina la shairi, tarehe, idadi ya beti, na aliyepewa kulisoma au kuliimba. Asajili kazi zake muhimu kwenye ofisi ya hakimiliki ya nchi yake. Aliye Kenya ajue kwamba vyama vya kukusanya mirabaha vimegawanyika: kiko cha watunzi na wachapishaji, kiko cha waimbaji na wapigaji, kiko cha watayarishaji wa rekodi. Mwandishi wa maneno ni mtunzi, na hapo ndipo pake. Leseni za vyama hivi zimekuwa na misukosuko, basi aulize KECOBO ni kipi kimeidhinishwa kwa mwaka huo kabla hajajiunga. Akikubaliana na mwimbaji, hata akiwa rafiki wa chanda na pete, waandike karatasi moja: nani ametunga maneno, nani ametia muziki, nani ameimba, kila mmoja atapata sehemu gani, ruhusa ni ya miaka mingapi, na jina la mtunzi litatajwa wapi. Mashahidi wawili, saini tatu. Hata wimbo unapopandishwa mtandaoni, ahakikishe jina lake limeandikwa kwenye nafasi ya mtunzi, kwa sababu mtu akiusajili wimbo kwa jina lake kwenye mitambo ya YouTube ya kutambua muziki, siku malenga atakapoupandisha yeye ndiye atakayeonekana mwizi.

Na vyama vyetu vya ushairi navyo vina la kufanya. Kila mwaka tunakutana, tunashindana kwa kughani, tunapeana vyeti. Sijaona kongamano hata moja lililotenga saa mbili za kusoma mkataba kwa pamoja. Napendekeza chama chochote chenye nia kiandike mkataba mfupi wa Kiswahili, ukurasa mmoja, uhakikiwe na wakili, kisha ugawiwe bure kwa wanachama. Ungekuwa na faida kuliko vyeti vingi tunavyovitundika ukutani. Pia tuwe na mahali pa kuulizana: mtu akipokea sifa na bei kwa pamoja, awe na wa kumpigia simu kabla hajatuma fedha.

Hayo ndiyo yangu. Mwenye kupinga na apinge kwa hoja, kwa nathari au kwa shairi. Nitamjibu kwa bahari aitakayo.

Wasalaam.